Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara ngapi?

Trafiki mwenye tochi amesimamisha basi penye kibao cha 50. Dereva ameshuka na leseni yake, kondakta yuko nyuma yake, na huku ndani abiria wameshaanza ubishi. Mmoja anasema gari likienda 100 badala ya 50 hatari imekuwa mara mbili, hesabu ya darasa la pili hiyo. Wa kiti cha nyuma anakataa: ni mara nne, alifundishwa hivyo alipokuwa anasomea leseni. Yule wa kwanza anacheka. Mara nne inatoka wapi, kaka, wakati mia ni hamsini mbili?

Nimeusikia ubishi huu zaidi ya mara moja, na sijawahi kuuona ukifika mwisho kabla basi halijaondoka. Si aibu kwao. Swali hilohilo liliwagombanisha mabingwa wa hesabu na falsafa wa Ulaya kwa vizazi vitatu, wakaandikiana barua za kejeli, wakadondosha mipira kwenye udongo, na wengine wakaacha kusalimiana. Na jambo la kuchekesha ni kwamba wale abiria wawili wote wako sahihi. Kila mmoja anajibu swali ambalo hajalitaja.

Tuanze na maneno, maana humo ndimo mkorogo ulimozaliwa. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, "nguvu", nalo limebebeshwa kila mzigo. Mpagazi ana nguvu, umeme una nguvu, ngumi ina nguvu, injini ina nguvu. Vitabu vya fizikia vimejaribu kuugawa mzigo huo: kusukuma na kuvuta wakakuita "kani", uwezo wa kufanya kazi wakauita "nishati". Lakini ukitoka darasani hakuna anayesema lori limemgonga mtu kwa nishati. Wanazuoni wa karne ya 17 walikuwa kama sisi tulio nje ya darasa. Waliandika Kilatini, na Kilatini kiliwapa neno "vis", ambalo ni nguvu yetu hiihii yenye maana kumi.

Sasa chukua kitu chochote kinachokwenda. Kina uzito, tuseme kilo, na kina kasi. Hesabu ya kwanza: zidisha uzito kwa kasi. Kilo 2 zikienda kwa kasi ya 3, jibu ni 6. Hesabu ya pili: zidisha uzito kwa kasi, halafu kwa kasi tena, yaani kasi kwa kipeo cha pili. Kilo 2 mara 3 mara 3, jibu ni 18. Ugomvi wote ninaousimulia ulikuwa juu ya hesabu ipi kati ya hizi mbili inastahili kuitwa nguvu ya kitu hicho. Ukiongeza kasi mara mbili, ya kwanza inakupa mara mbili, ya pili inakupa mara nne. Ndio abiria wetu hao.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya René Descartes, Mfaransa. Katika kitabu chake cha 1644 alisema Mungu alipoumba ulimwengu aliutia kiasi fulani cha mwendo, na kwa kuwa Mungu habadiliki, kiasi hicho hakiongezeki wala hakipungui. Kitu kimoja kikipunguza mwendo, kingine kimeupokea. Kipimo chake kilikuwa uzito mara kasi (yeye alisema ukubwa, lakini tusikwame hapo). Ni wazo zuri mno, na nusu yake ni kweli hadi leo.

Tatizo ni kwamba Descartes hakuhesabu upande ambao kitu kinaelekea. Chukua madonge mawili ya udongo mbichi yenye uzito sawa, yarushe yakutane uso kwa uso kwa kasi sawa. Yatagandana na kusimama. Kabla, kwa hesabu ya Descartes, kulikuwa na moja na moja, jumla mbili. Baada yake, sifuri. Kiasi ambacho Mungu hakipunguzi kimepotelea wapi? Tena alitoa kanuni saba za migongano, na moja inadai kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kikubwa kilichotulia, hata kikija kwa kasi gani. Mtoto yeyote aliyecheza gololi angemsahihisha.

Waliomsahihisha walikuwa wazito zaidi. Mwishoni mwa 1668 Jumuiya ya Kifalme ya London ilipata majibu kutoka kwa John Wallis na Christopher Wren, na mapema 1669 likaja la Mholanzi Christiaan Huygens. Huygens alifikiria mtu aliyesimama ndani ya mashua akigonganisha mipira miwili, huku mwenzake akimtazama kutoka ukingoni mwa mfereji. Mgongano ni uleule, ila kila mmoja anaona kasi tofauti, na kanuni sahihi lazima iwaridhishe wote wawili. Kutokana na mfano huo mdogo ilitokea kwamba uzito mara kasi unabaki uleule ukihesabu upande: kwenda kulia ni kujumlisha, kwenda kushoto ni kutoa. Pembeni yake kikatokea kingine: kwa mipira migumu inayodunda vizuri, uzito mara kasi kwa kipeo cha pili nao haubadiliki. Hesabu mbili ambazo hazipungui, zote kwa mpigo. Huygens hakulipigia kelele hilo.

Aliyelipigia kelele ni Mjerumani Gottfried Leibniz. Mwaka 1686, katika jarida la wanazuoni la Leipzig, alichapisha kurasa chache zilizotangaza tangu kwenye kichwa kwamba zinaonyesha kosa la kukumbukwa la Descartes. Hoja yake ni ya mchota maji kisimani. Kupandisha ratili 4 (kipimo cha zamani cha uzito) kwa dhiraa 1 (kipimo cha zamani cha urefu) ni jasho lilelile la kupandisha ratili 1 kwa dhiraa 4. Hata wafuasi wa Descartes walilikubali hilo. Sasa viachie vyote viwili vianguke. Vikifika chini lazima viwe na nguvu sawa, maana vilipewa jasho sawa. Kasi zao je?

Hapa Leibniz alimtegemea Galileo, aliyeonyesha kwamba ili kitu kinachoanguka kipate kasi mara mbili, hakitoshi kimo mara mbili. Kinahitaji kimo mara nne. Nazi ikidondoka mita 5 inafika chini ikiwa na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Ili ifike na mita 20 kwa sekunde, mnazi sharti uwe na mita 20, si 10. Kwa hiyo ile ratili 1 iliyoanguka dhiraa 4 ina kasi ya 2, na zile ratili 4 zilizoanguka dhiraa 1 zina kasi ya 1. Hesabu ya Descartes inasema 1 mara 2 ni 2, na 4 mara 1 ni 4. Hazilingani. Tumia kipeo cha pili: 1 mara 2 mara 2 ni 4, na 4 mara 1 mara 1 ni 4. Zimelingana.

Leibniz hakuishia hapo. Tuseme Descartes yuko sahihi, na zile ratili 4 zenye kasi ya 1 zikabidhi mwendo wao wote kwa ratili 1. Hiyo ratili 1 itapata kasi ya 4, na kasi ya 4 ingeipandisha dhiraa 16. Umetoa jasho la dhiraa 4, umerudishiwa la dhiraa 16. Ungekuwa na kinu kinachojitwanga chenyewe milele na kukubakizia chenji. Leibniz alijua kwamba dunia haina cha bure cha namna hiyo, na kwangu mimi hii ndiyo hoja yake iliyo kali kuliko zote.

Mwaka 1695 aliipa hesabu yake jina: nguvu hai, kwa Kilatini vis viva. Pembeni yake aliweka nguvu mfu: ya jiwe lililoning'inia kwenye kamba, linavuta lakini haliendi. Kamba ikikatwa, nguvu mfu inaanza kuzaa nguvu hai.

Majibu hayakuchelewa. Abate Catelan, mfuasi wa Descartes, aliandika mwaka uleule wa 1686: umesahau muda. Kitu kinachoanguka dhiraa 4 kinatumia muda mara mbili ya kinachoanguka dhiraa 1, huwezi kuvilinganisha kama vimefanya safari moja. Denis Papin, huyuhuyu aliyebuni chungu cha mvuke ambacho mjukuu wake ni presha kuka ya jikoni, naye alibishana na Leibniz kwa miaka. Catelan alikuwa ameshika ufunguo wa mlango mkononi, ila hakujua kwamba mlango una vitasa viwili.

Newton je? Watu wengi hudhani kwamba kitabu chake cha 1687 kilimaliza kila kitu. Hakikumaliza hili. Newton alitumia uzito mara kasi, safari hii pamoja na upande, na alikitumia kwa ustadi ambao bado tunaufundisha. Lakini nguvu hai ya Leibniz hakuijali. Aliona madonge ya udongo yakigandana na kusimama, akasema basi mwendo hupotea ulimwenguni na lazima uongezwe upya. Leibniz alimdhihaki: kumbe Mungu wa Newton ni fundi saa ambaye saa yake lazima aijaze ufunguo kila mara. Watu hawa walikuwa wameshagombania nani aligundua hesabu za kalkulasi, kwa hiyo mada ikageuka kuwa ya Yanga na Simba. Waingereza wengi walikuwa upande mmoja. Waholanzi, Wajerumani na akina Bernoulli, ukoo wa wanahisabati wa Basel, upande wa pili. Ufaransa iligawanyika ndani kwa ndani.

Leibniz alifariki mwaka 1716. Mwaka 1722 Willem 's Gravesande, profesa wa Leiden na shabiki mkubwa wa Newton, alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi. Mipira ilikuwa na ukubwa sawa na uzito tofauti. Mpira wenye uzito mara tatu, ukidondoshwa kutoka theluthi ya kimo, ulichimba shimo lilelile la ule mwepesi. Mashimo yalifuata kipeo cha pili cha kasi, kama Leibniz alivyosema. Giovanni Poleni wa Padua alikuwa ameshapata matokeo kama hayo. 's Gravesande, na hapa namvulia kofia, alikubali kwamba upande wake ulikosea, akahama. Samuel Clarke wa London, mtetezi wa Newton, alikasirika mno, na mwaka 1728 akawaandikia wenye fikra hizo maneno makali ambayo hayakuwa na fizikia nyingi ndani yake.

Vitabu vingi vya haraka husema udongo ulimaliza kesi. Haukumaliza. Wapinzani hawakuyakataa mashimo. Walisema tu, kama Catelan, kwamba mpira uleule ukija kwa kasi zaidi huchukua muda zaidi kuchimba. Na kweli.

Ufaransa, mwanamke mmoja alilivalia njuga jambo hili. Émilie du Châtelet alikuwa akiishi Cirey pamoja na mwandishi Voltaire, ambaye alikuwa wa Newton kwa kila kitu. Mwaka 1740 du Châtelet alitoa kitabu cha fizikia, na katika sura ya mwisho akaitetea nguvu hai na kumkosoa Mairan, mkubwa katika Akademia ya Sayansi ya Paris, chombo ambacho mwanamke hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake. Mairan alijibu kwa barua ya wazi mwaka 1741, yenye dokezo kwamba bibi huyu angesoma vizuri zaidi kabla ya kuandika. Yeye akamjibu hoja kwa hoja ndani ya wiki chache. Voltaire, mwaka huohuo, akachapisha mashaka yake upande wa Mairan. Nyumba moja, vipimo viwili.

Mfano mmoja waliougombania, wa Jacob Hermann, unafaa kujaribiwa kwa gololi. Gololi ya uzito 1 inakwenda kulia kwa kasi ya 2, inagonga gololi ya uzito 3 iliyotulia. Zikiwa zinadunda vizuri, ile kubwa itaondoka kwenda kulia kwa kasi ya 1, na ndogo itarudi kushoto kwa kasi ya 1. Hesabu kwa Descartes: kabla ni 2, baada ni 3 na 1, jumla 4, mwendo umezaliwa kutoka hewani. Hesabu kwa Leibniz: kabla ni 1 mara 2 mara 2, yaani 4, baada ni 3 na 1, yaani 4. Leibniz ameshinda? Ngoja. Hesabu kwa Descartes ila ukizingatia upande: kabla 2, baada 3 toa 1, ambayo ni 2. Nayo imelingana! Gololi moja imezipa haki hesabu zote mbili, na watu waliitazama kwa miaka kumi na kitu kila mmoja akiona ushindi wake tu.

Mwanafalsafa Immanuel Kant naye, akiwa kijana wa Königsberg, kitabu chake cha kwanza kabisa kilikuwa cha kusuluhisha kesi hii. Usuluhishi wake ulikuwa mbovu, na mshairi Lessing akamtania kwamba anapima nguvu hai zote isipokuwa zake mwenyewe. Wakati huo Jean d'Alembert alikuwa ameshaandika, mwaka 1743, kwamba ugomvi wote ni wa maneno. Neno "nguvu" halina maana mpaka useme unapima nini: vizuizi ambavyo kitu kinaweza kuvishinda, au namna vizuizi hivyo vinavyokipinga kwa muda wote mpaka kisimame.

Turudi barabarani, hapo ndipo inapoeleweka. Gari lina breki nzuri na lami ni kavu, kiasi kwamba kila sekunde linapoteza kasi ya mita 7 kwa sekunde. Likiwa na 50 kwa saa, ambazo ni karibu mita 14 kwa sekunde, litasimama kwa sekunde 2. Likiwa na 100, kwa sekunde 4. Mara mbili. Uliza "breki zishikwe kwa muda gani?" na abiria wa kwanza yuko sahihi, Descartes aliyesahihishwa yuko sahihi. Sasa pima umbali. Likiwa na 50 litasimama baada ya mita 14 hivi. Likiwa na 100, baada ya mita 55. Mara nne. Uliza "litaburuza matairi mpaka wapi?" na abiria wa pili yuko sahihi, Leibniz yuko sahihi. Breki ni zilezile. Kani mara muda inakupa hesabu ya kwanza, ambayo leo huitwa momenta. Kani mara umbali inakupa ya pili, ambayo leo ni nishati mwendo. Na mtoto anayevuka barabara hayuko sekunde kadhaa mbele ya gari. Yuko mita kadhaa.

Hapohapo tuondoe uzushi mwingine wa vijiweni: kwamba magari mawili yaliyo sawa yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa na 50, ni sawa na kugonga ukuta ukiwa na 100. Si kweli. Kila gari lina fungu moja la nguvu hai, jumla mafungu mawili, na bodi za kuyapokea ni mbili. Kila moja linaumia kama lililogonga ukuta kwa 50. Kwa 100 ukutani ungepokea mafungu manne peke yako.

D'Alembert alikuwa sahihi basi, ni maneno tu? Mimi namkubali nusu. Vipimo viwili vyote ni halali, hilo kweli. Lakini Leibniz alikuwa akidai zaidi ya jina. Alidai kwamba nguvu hai haipotei kabisa, hata pale madonge ya udongo yanapogandana, na hilo ni dai juu ya dunia, si juu ya kamusi. Alipobanwa na Clarke mwaka 1716 alijibu kwamba nguvu haijapotea, imetawanyika kwenye vipande vidogo vya ndani, kama mtu anayechenji pesa kubwa akapata sarafu. Pesa ni ileile, imekuwa ndogondogo tu. Hakuwa na namna ya kuzihesabu sarafu hizo.

Wahandisi ndio waliozikaribia. Mtu wa gurudumu la maji hajali falsafa; anataka kujua maji yakija kwa kasi hii yatapandisha mzigo gani, kimo gani. John Smeaton alipima hilo Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1759, na hesabu iliyomfaa ilikuwa ya kipeo cha pili. Mwaka 1829 Gaspard Coriolis aliita kani mara umbali "kazi", akaweka nusu mbele ya nguvu hai ili hesabu zikae sawa. Ndiyo ile nusu ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri bila kuambiwa ilitoka wapi. Kisha katika miaka ya 1840 James Joule akageuza maji kwa mapanga yanayozungushwa na mzigo unaoshuka, akapima yalivyopata joto. Sarafu za Leibniz zilikuwa joto. Hata Hermann von Helmholtz alipoandika mwaka 1847 kwamba hakuna kinachopotea, alitumia neno la Kijerumani Kraft, nguvu, kwa kitu ambacho leo tungekiita nishati.

Ukitaka kuzinusa sarafu hizo, simama chini ya mlima Kitonga pale malori yanayotoka Iringa yanapomaliza kushuka. Tani kadhaa zimeteremka kimo kile chote, na zimefika chini na mwendo wa polepole. Madereva hushuka, huzunguka magari yao, na hakuna anayethubutu kugusa ngoma za breki.